Mwenye Kutoa Huonja Kwanza

1

Laurenti Kikoti alivua viatu, akavipanga chini ya benchi visigino vikiwa ukutani, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa, kisha akapanda kwenye Kiti.

"Mzunguko uko tayari, mzee?" aliuliza Yona, fundi wa Kiti, huku akimvisha glavu zenye nyuzi za shaba.

"Nimeutembea tangu asubuhi. Ingiza kama nilivyoandika. Usiongeze, usipunguze."

Wanunuzi wengine wa viwandani walijaza mzunguko wakiwa mezani. Kikoti hakuwa mtu wa namna hiyo. Kabla ya kuonja dawa yoyote aliifuata kwa miguu: kutoka mizani ya getini hadi ghalani, kutoka ghalani hadi ngazi ya tangi la rojo ya karatasi ambako wabebaji humimina, kutoka tangini hadi bwawa la majitaka, na kutoka bwawani hadi mto Kilandi. Alihesabu hatua za mbebaji. Alihesabu mara ngapi anavua glavu ili ajikune. Kemia aliisoma katika masomo ya jioni, katika umri ambao wenzake walikuwa wakiozesha mabinti, na kwa sababu hiyo hakuifanyia mzaha.

Sheria ya Kuonja ilikuwa na maneno machache. Dawa ya kiwandani haitanunuliwa mpaka yule anayetia sahihi ya kuinunua aonje maisha ya yule atakayeibeba. Walioitunga walisema hawakubuni kitu. Tangu zamani, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni wake, mgeni akaona kwamba hakuna sumu, ndipo kata ya kunywea ikapita. Wao waliipandisha tu desturi hiyo kutoka kilabuni hadi kiwandani. Kiti kilipewa karatasi ya usalama ya muuzaji, mzunguko wa mfanyakazi, na mwili wa mfano. Miaka thelathini ya kazi ilipita ndani ya mishipa ya mwonjaji kwa dakika arobaini. Hakuna tone lililomgusa. Ni habari tu zilizopita, lakini mwili haujui kutofautisha habari na tukio.

"Zerani," Yona alitangaza. "Dawa ya kuua utando kwenye mitambo. Miaka thelathini. Fumba macho, mzee."

Kikoti akafumba macho, akawa mbebaji.

Alibeba, akapanda, akamimina. Akafika mwaka wa tano, wa kumi, wa ishirini. Mikono ilimwasha kidogo kwenye vifundo. Mwaka wa ishirini na sita alikohoa kwa msimu mmoja kisha akapona. Hakuna zaidi. Alipofumbua macho alishusha pumzi kwa furaha ambayo hakutaka Yona aione. Kwa miaka kumi na moja kiwanda kilikuwa kikitumia Tavolini, dawa nzito yenye harufu ya kitunguu kilichooza, na kila mwaka alipoionja ilimwacha na kichwa kinachogonga. Ilipita mtihani, lakini kwa shida. Zerani ilikuwa kama maji ukiilinganisha nayo. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kabla hajastaafu. Hii ingekuwa zawadi yake ya mwisho kwa Kilandi.

"Safi," alisema. "Safi kabisa."

Yona alikuwa akimfungua glavu, akitabasamu. "Basi niandikie jina mapema, Babu Pipa. Mama kanituma. Anasema mapipa ya Zerani yakianza kushuka, la kwanza liwe lake. Ya Tavolini anayo mawili, lakini moja limepasuka mdomo."

Kikoti alicheka. Jina hilo, Babu Pipa, lilimpendeza kuliko cheo chake. Tangu plastiki ipigwe marufuku majumbani, pipa la bluu la kiwandani lilikuwa chombo kigumu cha mwisho ambacho mtu wa kawaida angeweza kukipata. Halikuota kutu, halikupasuka kama mtungi, na mtu mmoja aliweza kulibingirisha. Miaka kumi na moja nyuma, muuzaji wa Tavolini alimpa achague: tangi kubwa la chuma linalorudishwa, au mapipa yasiyorudishwa. Bei ilikuwa ile ile. Akachagua mapipa, kwa ajili ya watu. Kila mwisho wa mwezi majina yaliandikwa ubaoni, na nyumba tano zilipata pipa. Mabinti waliolewa nayo. Wajane waliwekea mahindi. Na wapika komoni, ambao zamani walipikia kwenye vyungu vilivyovuja, sasa walichachusha pombe yao ndani ya bluu.

Kicheko kikamfia mdomoni.

"Yona," alisema. "Mzunguko wangu unaishia wapi?"

"Getini. Mbebaji anagonga kadi, anatoka."

"Na pipa?"

Yona alimtazama. "Pipa nalo linatoka getini, mzee. Si unajua."

"Linaenda wapi?"

 Kikoti alinyoosha mikono avishwe glavu tena.

"Ongeza hatua moja. Pipa liende nyumbani."

Kiti kilikuwa na maswali yake, na Yona aliyasoma kwenye kioo kwa sauti ambayo ilizidi kupungua. Pipa huoshwa vipi? Mara tatu, maji ya mto na majivu. Huwekwa nini? Komoni, siku tatu hadi nne, mpaka ichachuke. Nani hunywa? Watu wazima, na anayepika huonja kila siku. Hatua hii imekuwepo tangu lini?

"Miaka kumi na moja," alisema Kikoti.

"Kinasema basi si Zerani tu, mzee. Kinataka kuanza na Tavolini, maana ndiyo iliyokuwa ndani ya hayo mapipa. Niendelee? Hili ni jaribio tu, halina muhuri. Jumatatu saa sita mchana linajifuta lenyewe."

"Endelea."

Ikapita ladha ya plastiki na uchachu. Ndivyo alivyoielewa baadaye: dawa haikai juu ya pipa, inaingia ndani ya kuta zake kama mafuta yanavyoingia kwenye ubao, na maji matupu hayawezi kuitoa. Lakini pombe chachu inaweza. Kila siku inavuta kidogo, kiasi ambacho ulimi haukijui.

Kwanza zilikwenda harufu. Moshi ukaondoka, sabuni ikaondoka, na siku moja mvua ikanyesha juu ya vumbi bila kunukia chochote. Kisha vidole. Kikombe kilianza kucheza mkononi, kidogo tu, kama kinacheka. Kisha uzi haukuingia tena kwenye sindano, wala kitufe kwenye tundu lake. Kisha majina. Alikuwa ameshika kitu cha kuchotea, anakijua, amekitumia maisha yake yote, na jina lake halikuja.

"Mzee! Mzee Kikoti!"

Alifumbua macho. Mikono yake ilikuwa ikipiga magoti yake, haitii amri. Aliitazama. Hakuwa ameiona katika Kiti chochote kabla ya siku hiyo, lakini aliijua. Alikuwa ameiona Jumapili iliyopita, imeshika kata, ikimkaribisha.

Ilikuwa mikono ya dada yake.

2

Meneja wa kiwanda, Tusajigwe Mwaipopo, alisoma kioo hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano, mwembamba, ambaye baba yake alifia kwenye nyumba ya klorini ya kiwanda hicho hicho kabla ya Sheria. Picha ya mzee huyo ilining'inia nyuma ya kiti chake. Kikoti hakuweza kumwona kama adui hata angejaribu.

"Shikamoo yangu uliipokea asubuhi ukiwa na furaha, mzee wangu," alisema. "Sasa umeniletea nini?"

"Nimekuletea kilichopo, Meneja."

"Nani mwingine amekiona?"

"Yona."

Tusajigwe alisimama, akafunga dirisha. Mlio wa mitambo ukapungua. "Nisikilize. Tunanunua Zerani. Siyo kwenye mapipa, kwenye tangi la kurudishwa. Nitaandika leo hii. Halafu tunatangaza kampeni ya usafi: kila nyumba ilete pipa la bluu, ipewe la chuma. Ndani ya miezi miwili hakuna pipa hata moja Kilandi. Tumeziba. Sivyo?"

"Tumeziba kuanzia leo."

"Ndiyo, kuanzia leo! Ulitaka tuzibe kuanzia juzi?"

"Na waliokwisha kunywa?"

Tusajigwe alikaa. Kikoti alieleza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kuhesabu mawe. Kulikuwa na dawa ya kuvuta sumu ya Tavolini kutoka kwenye damu. Ilikuwa kali kwa figo, kwa hiyo zahanati haikuitoa kwa kubahatisha. Ilitaka faili lenye muhuri wa Kiti, lililotaja sababu. Pasipo faili, mgonjwa ni mzee tu mwenye mikono inayotetemeka. Aliyewahi, vidole hurudi. Aliyechelewa, havirudi.

"Ukitia muhuri," alisema Tusajigwe, "jina litakalosomwa mkoa mzima ni lako. Uliyechagua mapipa ni wewe. Sahihi ni yako, mwaka hadi mwaka."

"Najua."

"Na kiwanda kinafungwa siku tisini kwa uchunguzi. Siyo Zerani, siyo Tavolini, kinafungwa chote. Kazi ya karatasi za mifuko ya saruji inahamia kwingine, na ikishahama hairudi. Watu mia nne, mzee. Njaa nayo ni sumu, ila hiyo haina Kiti chake." Aligeukia picha iliyokuwa nyuma yake. "Baba yangu alikufa kwa sababu hakukuwa na mtu kama wewe. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru. Umebakiza wiki tatu. Ondoka na heshima yako. Acha hili lijifute Jumatatu, nami nitaokota mapipa moja moja kwa mkono wangu."

Kikoti alitaka kujibu kwamba heshima haimhusu. Ingekuwa uongo. Alikuwa amejijenga kwa heshima kama wengine wanavyojijenga kwa matofali, tofali kwa tofali, akisoma kwa taa ya kuazima, na kila mtoto aliyeita Babu Pipa njiani alikuwa tofali jipya. Aliaga, akatoka.

3

Jumamosi adhuhuri alikwenda kwa dada yake Vitalia, juu ya kilima cha mianzi, ambako kilabu chake kilikuwa na mabenchi sita na sifa Kilandi nzima. Moshi ulikuwa mwingi. Sufuria ya maharage ilikuwa imeungua na yeye alikuwa ameketi kando yake bila habari.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Mbona umesimama kama mkusanya ushuru?"

"Maharage yanaungua."

"Yanaungua?" Vitalia aligeuka, akaona, akacheka kwa aibu. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua ulezi walicheka pia.

"Mama Vitalia siku hizi anapika mkaa," mmoja alisema. "Sisi tunakula, tunang'aa meno."

"Nyamazeni, mabinti msio na adabu. Lauri, kaa. Pombe ya sherehe yako ya kustaafu nimeanza kuipangia. Hii ni ya kuonja tu, uniambie kama niongeze ulezi."

Alinyanyuka kwenda kwenye pipa. Lilikuwa la bluu, refu kuliko kiuno chake, na ubavuni kulikuwa na maandishi meupe aliyoyaandika Kikoti mwenyewe siku ya kumkabidhi: ZAWADI YA L. KIKOTI. Alifunua kifuniko, akachota. Alishika kata kwa mikono miwili. Miaka mitatu nyuma aliishika kwa mmoja, huku wa pili ukimtishia mtu asiyelipa. Pombe ilitikisika, ikamwagika kidogo juu ya vidole vyake.

"Uzee huu," alisema, aliposhtukia anatazamwa. "Daktari kasema uzee."

"Mama yetu alikuwa na miaka tisini," Kikoti alisema, "na alitia uzi kwenye sindano bila miwani."

"Mama yetu alikuwa mchawi wa sindano. Mimi ni mchawi wa komoni." Akainua kata, akanywa funda moja mbele yake, macho yakimtazama, kama ilivyo desturi. Kisha akamnyooshea. "Haya."

Kikoti aliipokea. Ilikuwa nzito, yenye povu la rangi ya udongo. Ilinukia moshi na ulezi, harufu ambayo mwenye kuipika hakuisikia tena.

Hakuipeleka mdomoni. Wanawake wakaacha kuchambua.

"Kunywa basi. Au unataka nionje tena?"

"Tumbo langu, dada."

"Tumbo lako limeanza lini kukataa cha kwangu?" Sauti ya Vitalia ilikuwa imepoa. "Hakuna mtu aliyewahi kurudisha kata yangu. Hata yule mchungaji wa walokole alilowesha midomo. Aliyekupa ameonja, umemwona. Sasa unaogopa nini?"

Kikoti aliweka kata juu ya benchi, taratibu, isimwagike. Akafunika pipa, mkono ukabaki juu ya kifuniko.

"Usimpe mtu kutoka humu mpaka Jumatatu. Wala wewe mwenyewe usionje."

"Kwa nini?"

"Nitakwambia nikishaonja mimi."

"Kata iko hapo mbele yako!"

"Siyo hiyo, dada."

Alimwacha amesimama na hasira, mikono ameificha ndani ya kanga. Alipofika chini ya kilima aligundua kwamba alikuwa akitembea ule mzunguko wake, akihesabu hatua. Kutoka getini hadi pipa la Vitalia zilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuzihesabu.

4

Jumatatu saa tatu asubuhi alivua viatu, akavipanga.

"Ili kitie muhuri lazima uonje upya yote," Yona alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jaribio la Ijumaa halihesabiki. Halafu alama ya kidole gumba. Kidole kikitetemeka kinakataa."

"Mama yako?"

"Nimemwagia majivu mapipa yote mawili. Amenitukana mpaka nikaomba hifadhi kwa jirani." Alijaribu kucheka. "Hajatetemeka bado, mzee. Lakini anasema chumvi ya siku hizi haina nguvu."

"Basi tuanze."

Mara ya kwanza hakujua kinachokuja. Mara hii alijua, na kujua kuliongeza uchungu kwa kila mwaka. Harufu zikaondoka moja moja naye akiziaga. Alipofika kwenye kile kitu cha kuchotea, alikishika kwa nguvu, akilishikilia jina lake kwa meno: kata, kata, kata. Likamponyoka.

Alipofumbua macho, Tusajigwe alikuwa amesimama mlangoni. Swichi kuu ya Kiti ilikuwa ukutani, kando ya bega lake. Wote watatu waliiona, na hakuna aliyeitaja.

"Umeshindwa kulala, nami nimeshindwa," alisema Meneja. "Niambie kitu kimoja tu. Wakikulaani?"

Ulimi wa Kikoti ulikuwa mzito, na ilibidi ayatafute maneno. "Nilionja kila kitu nilichowapa wabebaji. Mara nyingi kuliko sheria inavyotaka. Mapipa niliyatoa bila kuonja. Niliona watu wanafurahi, nikafikiri furaha yao ndiyo kipimo."

Tusajigwe alitazama swichi. Kisha akaondoka mlangoni. "Sitakuwepo humu ndani ukitia hicho kidole," alisema bila kugeuka. "Kuna watu mia nne wa kuambiwa, na afadhali wasikie kutoka kwangu kabla ya king'ora."

Mlango ukafungwa. Mikono ya Kikoti ilikuwa ikicheza. Aliibandika kwenye ukingo wa meza, akangoja.

Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko Kiti. Robo saa nzima alikuwa mtu huru. Angeweza kuvaa viatu. Aliwaza siku ya kuagwa, hotuba ambayo alikuwa ameiandika na kuirekebisha mara nne, benchi la mbele. Aliwaza wabebaji wakirudi nyumbani siku ya kazi mikono mitupu. Aliwaza kata juu ya benchi, povu limetulia, na dada yake ambaye hakuna mtu aliyewahi kumrudishia. Saa ya ukutani ilisogea. Mkono wa kulia ukatulia. Wa kushoto ukatulia, kidole baada ya kidole.

"Bado kimoja, mzee," Yona alinong'ona. "Hicho kidogo cha kushoto. Tungoje?"

Kikoti alikitazama. Kilikuwa kikicheza polepole, peke yake, kama kinacheka. Alikumbuka kwamba kilikuwa hivyo pia wiki iliyopita, alipokuwa akifunga saa, na alilaumu mkanda.

"Usikingoje hicho," alisema. "Hicho si cha Kiti."

Akabonyeza gumba la kulia. Kioo kikageuka kijani, na jina lake likapanda juu yake, kamili, Laurenti Mateso Kikoti, na chini yake miaka kumi na moja.

5

King'ora kililia saa tano kasoro robo, kirefu, na mitambo ya Kilandi ikanyamaza. Watu walisema hawakujua kwamba mto una sauti mpaka siku ile.

Saa nane mapipa yalianza kufika. Kikoti alikuwa amewekewa meza getini, kwa ombi lake mwenyewe, na mtungi wa maji na kikombe cha bati. Kazi yake ilikuwa kuandika: nyumba, idadi ya mapipa, nani hunywa, nani anatetemeka. Kila jina lilipelekwa zahanati papo hapo. Mapipa yalibingirishwa kutoka vichochoroni na kushuka kilimani, yakipiga mawe kwa mlio mtupu, mpaka barabara ikawa bluu.

Wengine walimpa majina yao bila kumtazama. Wengine walimtazama sana. Mbebaji mmoja, Chaula, mwenye mabega kama mlango, alisimama mbele ya meza na pipa lake begani.

"Babu Pipa! Ulitupa mapipa, sasa umetupa na likizo! Siku tisini! Wanangu watakula muhuri wako?"

Kikoti alichukua kalamu. "Wewe hunusa vizuri, Chaula?"

"Ninanusa nini?"

Kikoti alimsogezea kitunguu kilichokatwa, alichokiweka mezani kwa kazi hiyo. Chaula alikivuta puani kwa dharau. Akavuta tena. Uso wake ukabadilika. Akaweka pipa chini, taratibu.

"Andika," alisema.

Vitalia alikuja wa mwisho, jua likiwa limeshainama upande wa mashamba ya miti. Hakukubali kusaidiwa. Alilibingirisha pipa lake peke yake kutoka kilimani, akisimama kila hatua chache, na lilipozunguka yale maandishi meupe yalitokea, yakazama, yakatokea tena. Alilisimamisha mbele ya meza, maandishi yakimtazama kaka yake.

"Nimeambiwa," alisema. "Meneja alikuja mwenyewe nyumbani. Kaniambia yote, na lako na langu."

"Ndiyo, dada."

"Miaka kumi na moja, Lauri. Kila pombe uliyoinywa kwangu nilianza mimi. Nilikuwa nakuondolea sumu." Akayagonga yale maandishi kwa kiganja. "Kumbe ulikuwa umeileta wewe, imeandikwa jina."

"Ndiyo."

Vitalia alingoja kaka yake aseme zaidi, ajitetee, aseme hakujua. Watu waliokuwa karibu nao walingoja. Kikoti aliandika tu: Vitalia Kikoti, pipa moja, anatetemeka, miaka mitatu. Kisha akaweka kalamu.

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma na vidonge vya kwanza kwenye karatasi. Vitalia alivitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Na hivi? Navyo ni zawadi?"

"Hivi vina ukali wake," Kikoti alisema. "Vitakusumbua figo. Watakupima damu kila wiki. Vidole huenda vyote visirudi. Sikufichi."

Alimimina maji kwenye kikombe cha bati, akakiinua, akanywa funda moja mbele ya dada yake, macho yakimtazama. Kisha akachukua kidonge kimoja kutoka kwa muuguzi, kile cha karatasi iliyoandikwa jina lake yeye mwenyewe, Kikoti L., akakimeza.

 Vitalia alikitazama kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa kaka yake, kilichokuwa kikigonga ubavu wa kikombe, ti, ti, ti. 

"Hata wewe," alisema.

"Hata mimi."

Vitalia akaweka kidonge chake ulimini, akanyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe. Mikono yake ilicheza, na wa kaka yake ulicheza, na maji yalitikisika kati yao, kwa hiyo ilibidi kikombe kile wakishike wote wawili mpaka kifike mdomoni.